Ethiopia: Onyo Lililopuuzwa na Gharama Yake

Ni mara chache katika historia vita vikubwa kuja bila ya kupiga hodi. Mara nyingi hutanguliwa na dalili ambazo kila mwenye macho huziona: askari huongezwa mpakani, barabara hutengenezwa mahali pasipo na biashara, silaha hushushwa bandarini usiku na mchana, na magazeti ya upande mmoja huanza kuutukana upande wa pili. Dalili huwa zipo. Kinachokosekana ni mwenye mamlaka aliye tayari kuamini kile anachoambiwa.

Mambo yaliyoipata Ethiopia, jirani wa Afrika Mashariki kwa upande wa kaskazini, kati ya mwaka 1934 na mwaka 1936, ni mfano ambao kila askari anafaa kuujua. Kwanza, kwa sababu mambo hayo yalianzia kwenye kituo kidogo cha mpakani, penye visima vya maji na walinzi wachache. Pili, kwa sababu deni lake lilikuja kulipwa, miaka michache baadaye, kwa damu ya vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa, ambao hawakuwa wameulizwa neno lolote.

Wakati mataifa ya Ulaya yalipoigawana Afrika, Ethiopia, au Uhabeshi kama ilivyojulikana na wengi, haikutawaliwa. Mwaka 1889 Italia ilitia saini na Mfalme Menelik mkataba wa Wuchale, ulioandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiamhara mkataba ulisema kwamba Ethiopia inaweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kitaliani ulisema kwamba ni lazima iitumie. Kwa hila hiyo ya neno moja, Italia ilidai kwamba Ethiopia imekuwa chini ya ulinzi wake. Menelik alikataa, na tarehe 1 Machi, 1896, majeshi yake yaliwashinda Wataliani huko Adwa. Hata hivyo Italia ilibaki na Eritrea upande wa kaskazini, na Somalia ya Kitaliani upande wa kusini mashariki. Ethiopia ikawa imekaa katikati ya taya mbili za koleo, na aliyelishika koleo hilo hakuisahau aibu ya Adwa. Mwaka 1922 Benito Mussolini na chama chake cha Kifashisti walishika madaraka mjini Roma, na kulipiza kisasi cha Adwa kukawa sehemu ya fahari waliyowahubiria vijana wao.

Viongozi wa Ethiopia hawakuwa wamelala. Mwaka 1923 nchi yao ilijiunga na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, ambacho makao yake yalikuwa Geneva. Kanuni za Shirikisho hilo zilisema kwamba uchokozi dhidi ya mwanachama mmoja ni jambo linalowahusu wanachama wote. Lakini mwezi wa Desemba, 1925, Uingereza na Italia zilibadilishana barua kwa siri. Italia iliahidi kuiunga mkono Uingereza ipate ruhusa ya kujenga bwawa katika Ziwa Tana, na Uingereza iliahidi kuiunga mkono Italia ipate kujenga reli ya kupita Ethiopia kutoka Eritrea hadi Somalia. Mwenye ziwa na mwenye ardhi hakuulizwa. Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alipeleka malalamiko yake Geneva mwaka 1926. Wakubwa hao wawili walijibu kwamba hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1928 Italia ilitia saini na Ethiopia mkataba wa urafiki wa miaka ishirini. Urafiki huo ulidumu miaka saba.

Onyo lingine lilitoka mbali zaidi. Mwezi wa Septemba, 1931, majeshi ya Japani yaliyokuwa Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, yalitumia mlipuko mdogo katika reli kuwa kisingizio cha kulinyakua jimbo zima. China ililalamika. Shirikisho la Mataifa liliunda tume, tume ikaandika ripoti, na mwaka 1933 ripoti ilipokubaliwa Japani ilijiondoa katika Shirikisho na Manchuria ikabaki mikononi mwake. Mwaka huo huo Adolf Hitler alishika madaraka Ujerumani, na kabla ya mwaka kwisha nchi yake nayo ikatangaza kujitoa. Hivyo mataifa matatu yaliyokuwa yakiinuka, Japani, Ujerumani na Italia, yalikuwa yakisoma somo moja. Mwizi akiona mwenzake ameiba mchana na hapana aliyemkimbiza, hahitaji tena kungoja giza.

Tarehe 5 Desemba, 1934, zamu ya Ethiopia ikafika. Mahali penyewe paliitwa Walwal, katika nyika ya Ogaden, ambako wachunga ngamia walikwenda kunywesha mifugo yao. Kwa mujibu wa makubaliano ya mpaka ya mwaka 1908, Walwal ilikuwa ndani kabisa ya Ethiopia. Pamoja na hayo, kwa muda wa miaka kadhaa Wataliani walikuwa wamesogea kidogo kidogo kutoka Somalia, wakaweka kituo penye visima hivyo. Mwezi wa Novemba tume ya mipaka ya Waingereza na Waethiopia, ikisindikizwa na askari wa Ethiopia, ilifika hapo na kukuta kituo hicho kimekaliwa. Maafisa wa Kiingereza waliondoka ili kuepusha shari. Askari wa pande mbili wakabaki wakitazamana kwa siku kadhaa, umbali wa hatua chache. Kisha risasi ikalia. Wataliani walikuwa na ndege na magari ya deraya. Askari wa Ethiopia zaidi ya 100 waliuawa.

Askari wa mpakani ataelewa uzito wa jambo hili. Kituo kinachowekwa ndani ya ardhi ya jirani, na kuachwa hapo miaka kadhaa bila ya kuondolewa, huwa ni mtihani. Aliyekiweka anapima kama mwenye nyumba yu macho. Italia ilipoona kwamba imepata kisingizio, ilidai iombwe radhi, ilipwe fidia, na bendera yake ipigiwe saluti hapo Walwal. Ethiopia iliomba shauri lipelekwe kwa wasuluhishi, kama mkataba wa urafiki wa mwaka 1928 ulivyotaka. Kabla ya mwezi huo wa Desemba kwisha, Mussolini alikuwa amewaandikia wakuu wake maagizo ya siri kwamba lengo ni kuliangamiza jeshi la Ethiopia na kuiteka nchi nzima.

Tarehe 3 Januari, 1935, Ethiopia ililipeleka shauri lake Geneva. Siku nne tu baadaye Pierre Laval, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alitia saini na Mussolini mapatano mjini Roma. Ufaransa ilitaka msaada wa Italia dhidi ya Ujerumani, na Mussolini aliondoka katika mazungumzo hayo akiamini kwamba Wafaransa wamemwachia njia Ethiopia. Tarehe 16 Machi Hitler alitangaza kwamba Ujerumani itaandikisha vijana jeshini kwa lazima, kinyume cha mkataba uliomaliza vita ya kwanza ya dunia. Siku iliyofuata, tarehe 17 Machi, Ethiopia ilipeleka ombi lake la pili. Hapana aliyekuwa na nafasi ya kulisoma. Mwezi wa Aprili wakuu wa Uingereza, Ufaransa na Italia walikutana Stresa kuzungumza juu ya Ujerumani, na wakatoa tamko la kulinda amani ya Ulaya. Habari ya Afrika haikuguswa, na Mussolini aliufahamu vizuri ukimya huo.

Wakati huo meli zilizojaa askari, malori, mizinga na ndege zilikuwa zikipita katika Mfereji wa Suez, mchana, mbele ya macho ya kila mtu. Mfereji huo ulikuwa mali ya kampuni ya Waingereza na Wafaransa, na jeshi la Uingereza lilikuwa Misri. Kila meli ilihesabiwa na kutozwa ushuru. Kwa hiyo idadi ya askari waliokuwa wakikusanywa Eritrea na Somalia haikuwa siri. Kwa upande mwingine, Uingereza na Ufaransa zilikataa kuziuzia silaha pande zote mbili, na zikaita jambo hilo haki. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha. Ethiopia haikuwa navyo. Kumnyima fimbo mtu asiye nayo na yule mwenye ghala la fimbo si haki sawa.

Mwezi wa Juni, 1935, kamati ya maofisa wa Serikali ya Uingereza chini ya Sir John Maffey ilikamilisha ripoti ya siri juu ya jambo hili. Ilieleza kwamba Uingereza haikuwa na maslahi makubwa katika Ethiopia ya kuilazimisha kuzuia ushindi wa Wataliani. Ilikiri kwamba kwa ulinzi wa himaya ingekuwa afadhali Ethiopia ibaki huru, lakini ikasema kwamba hatari hiyo ilikuwa mbali, kwani ingetegemea kutokea vita kati ya Uingereza na Italia, na vita hivyo havikuelekea kutokea. Ripoti hiyo iliangukia mikononi mwa majasusi wa Kitaliani. Mwezi wa Februari, 1936, ilichapishwa katika gazeti moja la Roma. Hapo pana makosa mawili ambayo yeyote anayefanya kazi ya ulinzi atayatambua. Walioandika waliihesabu hatari kwa kutazama hali ya siku ile, wasiitazame njia iliyokuwa inafuatwa. Nao walioitunza karatasi hawakuitunza. Adui alijua kwa yakini, na kwa maandishi, kwamba hatazuiwa.

Tarehe 3 Oktoba, 1935, bila ya kutangaza vita, majeshi ya Italia yaliingia Ethiopia kutoka Eritrea, na mengine yakashambulia kutoka Somalia. Shirikisho la Mataifa liliihukumu Italia kuwa mchokozi na kuiwekea vikwazo vya biashara kuanzia mwezi wa Novemba. Lakini mafuta hayakutiwa katika vikwazo hivyo, wala Mfereji wa Suez haukufungwa. Vifaru, malori na ndege haviendi bila ya mafuta. Paul Schmidt, aliyekuwa mkalimani wa Hitler, aliandika baadaye kwamba mwaka 1938 Mussolini alimwambia Hitler kuwa, kama mafuta yangezuiwa, ingembidi atoke Ethiopia katika muda wa wiki moja. Badala ya kuyazuia, mwezi wa Desemba mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, Sir Samuel Hoare na Laval, walitunga mpango wa kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili atulie. Mpango huo ulivuja, wananchi wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akajiuzulu. Lakini fundisho lilikwisha kumfikia Mussolini.

Tangu mwezi huo wa Desemba ndege za Italia zilianza kumwaga hewa ya sumu juu ya askari, wanavijiji, mifugo na mito, ijapokuwa Italia yenyewe ilikuwa imetia saini mapatano ya Geneva ya mwaka 1925 ya kukataza silaha hiyo. Jeshi la Mfalme lilivunjwa nguvu huko Maychew tarehe 31 Machi, 1936, na tarehe 5 Mei Wataliani wakaingia Addis Ababa. Katikati ya vita hivyo, tarehe 7 Machi, Hitler aliwapeleka askari wake katika jimbo la Rhineland, alikokatazwa na mikataba. Naye hakuzuiwa.

Tarehe 30 Juni, 1936, Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa, akasema kwa Kiamhara. Waandishi wa habari wa Kitaliani waliokuwa ukumbini walimpigia miluzi na kelele hata ikabidi polisi wawatoe. Mfalme hakujibu matusi. Alieleza jinsi sumu ilivyomwagwa kutoka angani. Alionya kwamba shauri lililokuwa mbele yao lilikuwa kubwa kuliko Ethiopia: lilihusu usalama wa kila taifa dogo, na thamani ya ahadi ambazo mataifa makubwa yametia saini. Akawauliza ampelekee jibu gani mwananchi wake. Jibu lilikuja mwezi uliofuata: vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa. Mwaka 1938 Uingereza na Ufaransa ziliutambua utawala wa Italia juu ya Ethiopia.

Inafaa kuuliza kwa nini onyo lililokuwa wazi namna hii halikusikilizwa. Sababu ya kwanza ni kwamba Uingereza na Ufaransa ziliiogopa Ujerumani, zikadhani kwamba Italia ikishibishwa itakuwa mbwa wao wa kulinda mlango. Mambo yakawa kinyume. Mwezi wa Oktoba, 1936, Italia na Ujerumani zilipatana, mwaka 1937 Italia ikajiunga na mapatano ya Ujerumani na Japani, na mwezi wa Mei, 1939, Mussolini na Hitler wakafunga mapatano rasmi ya kijeshi. Mbwa alikula nyama ya mwenye nyumba, kisha akaenda kulala kwa mwizi.

Sababu ya pili ni dharau. Wakubwa wa Ulaya waliona kwamba nchi ya Waafrika ni kitu kinachoweza kutolewa ili wao wapate usingizi. Waafrika wenyewe waliielewa hatari hiyo mapema. Mjini London mwaka 1935, Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa viongozi wa chama kilichoundwa kuitetea Ethiopia. Lakini mtu aliyetawaliwa hakuhesabiwa kuwa na la kusema juu ya vita na amani. Sababu ya tatu ni ile iliyoandikwa katika ripoti ya Maffey: hatari iliyo mbali huonekana kana kwamba haina miguu.

Miguu ilikuwepo. Kwanza walikuja wakimbizi. Maelfu ya Waethiopia walivuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Kenya, wakawekwa katika kambi huko Isiolo. Kisha, tarehe 10 Juni, 1940, Italia ilitangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Vita vile ambavyo havikuelekea kutokea vilikuwa vimetokea, na ngome ya adui sasa ilikuwa ni Ethiopia yenyewe. Mwezi wa Julai Wataliani waliitwaa Moyale, na kampuni ya askari iliyozingirwa humo ilibidi itoroke usiku. Mwezi wa Agosti waliiteka Somalia ya Kiingereza.

Waliopelekwa kuirekebisha hesabu hiyo ni pamoja na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya. Mwanzoni mwa mwaka 1941, pamoja na majeshi kutoka Nigeria, Gold Coast na Afrika ya Kusini, walivuka nyika kavu ya kaskazini mwa Kenya, wakauvuka mto Juba, na tarehe 25 Februari Mogadishu ikaanguka. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ilikombolewa. Wakati huo majeshi ya Wahindi na Waingereza yalikuwa yakipigana Eritrea, na ndani ya nchi walikuwepo wazalendo wa Ethiopia ambao hawakuweka silaha chini miaka yote mitano. Mfalme alirudi katika mji wake mkuu tarehe 5 Mei, 1941, miaka mitano kamili tangu adui alipouingia. Lakini mapigano yaliendelea hadi Gondar ilipotekwa mwezi wa Novemba. Katika mapigano ya Colito, tarehe 19 Mei, Sajini Nigel Leakey wa Batalioni ya Sita ya Keya, iliyokuwa batalioni ya Tanganyika, alipanda juu ya kifaru cha adui na kukikamata, akauawa alipojaribu kukamata kingine.

Nalo onyo la Manchuria lilidai malipo yake. Vijana wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao hawakuwa wamesikia jina la Manchuria, walipelekwa Ceylon na Burma kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw, Burma, katika mvua, matope na homa, ikawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin.

Hayo ndiyo malipo ya onyo lililopuuzwa. Kuizuia Italia mwaka 1935 kungehitaji kufunga mfereji mmoja na kuzuia mafuta. Kuitoa mwaka 1941 kulihitaji majeshi kutoka pembe nyingi za dunia, na makaburi yao yako hadi leo.

Kwa askari na polisi fundisho ni la kazi ya kila siku. Taarifa ya mlinzi wa mpakani kwamba alama imesogezwa, kwamba kisima kimekaliwa, au kwamba malori yasiyojulikana yamepita usiku, haifai kupimwa kwa ukubwa wa mahali ilikotoka. Walwal ilikuwa ni visima tu. Aliye chini ana wajibu wa kueleza alichokiona bila ya kupunguza wala kuongeza, hata kama anajua kwamba habari yenyewe haitapendwa. Aliye juu ana wajibu mgumu zaidi: kuisoma habari hiyo kama ilivyo, asiibadilishe ifanane na matumaini yake. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1935 ufa ulionekana na kila mtu, ukahesabiwa na kuandikiwa ripoti. Ukuta ulikuja kujengwa na watu ambao ufa haukuwa wao.